Sauti bila waya kwenye sinema ya nyumbani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya sebule ya kawaida: TV ya bapa, king'amuzi, sabufa au saundiba (spika ndefu inayokaa chini ya TV), ruta moja na simu za watu wa nyumbani. Majina ya menyu hutofautiana kati ya TV na TV, kwa hiyo tumeeleza kazi ya kila mpangilio ili uutambue hata kama kwako umeitwa vingine.

"Bila waya" maana yake hakuna waya hata mmoja?

Hapana. Kinachoondoka ni waya wa sauti tu. Kila spika isiyo na betri bado inataka umeme, na seti ya 5.1 iliyo bila waya kabisa inahitaji plagi sita: spika tano na sabufa, yaani boksi la besi. Kabla ya kununua, hesabu soketi za ukutani na uone ziko upande gani. Wengi hugundua baada ya kulipa kwamba nyuma ya kochi hakuna soketi, na sasa inabidi waya wa ekstensheni uvuke sebule nzima, pale pale ambapo waya wa spika haukutakiwa.

Nitumie Bluetooth, Wi-Fi, au vifaa vinavyokuja na kirushio chake?

Inategemea unasikiliza nini. Sauti ya picha, yaani filamu, mpira na taarifa ya habari, ipitishe kwenye waya kutoka TV hadi kwenye spika kuu, kwa sababu umbali ni mita moja au mbili na waya hauchelewi. Muziki uupeleke hewani. Spika za nyuma na sabufa zinaweza kwenda bila waya, ila kwa kirushio kilichotengenezwa kwa kazi hiyo. Bluetooth ya kawaida haifai hapo.

Bluetooth ni rahisi na ipo kila mahali, lakini inabeba chaneli mbili tu za sauti, kushoto na kulia, inachelewa, na umbali wake wa uhakika ndani ya nyumba ni mita 10 hivi bila ukuta katikati. Wi-Fi inafika mbali zaidi, ina nafasi kubwa ya data na inaweza kucheza vyumba kadhaa kwa pamoja, ila inategemea ruta iliyopangwa vizuri. Vifaa vyenye kirushio chake, kama saundiba zinazouzwa pamoja na sabufa na spika za nyuma, huwa vimeshaoanishwa kiwandani na ucheleweshaji wake ni mdogo. Ubaya wake ni kwamba spika za kampuni moja hazikubali saundiba ya kampuni nyingine, na mara nyingi hata toleo tofauti la kampuni ile ile hukataa.

Kuna pia mfumo unaoitwa WiSA, unaotumia masafa ya GHz 5, unabeba hadi chaneli nane na kuchelewa chini ya milisekunde 6. Ni mzuri, lakini spika zake ni adimu madukani kwetu na bei yake si ya mchezo.

Nina sabufa ya zamani isiyo na Bluetooth. Lazima ninunue nyingine?

Si lazima. Nunua kipokezi kidogo cha Bluetooth chenye tundu la milimita 3.5 au matundu mawili ya RCA, yale ya duara, jekundu na jeupe. Utahitaji pia waya wenye jeki ya 3.5 upande mmoja na RCA nyekundu na nyeupe upande wa pili, na adapta ya volti 5 yenye angalau ampea 1.

Zima sabufa. Chomeka RCA kwenye matundu yaliyoandikwa AUX au DVD, washa kipokezi, kisha washa sabufa ikiwa imepunguzwa sauti na uiweke kwenye AUX. Oanisha simu. Sasa pandisha sauti ya simu karibu na mwisho na upandishe sabufa taratibu. Ukifanya kinyume, simu chini na sabufa juu, unakuza vumi pamoja na muziki.

Ukisikia mlio mwembamba au ngurumo inayobadilika kila kipokezi kinapofanya kazi, chanzo huwa ni umeme. Kipokezi kilichochomekwa kwenye USB ya sabufa yenyewe mara nyingi hulia hivyo, kwa sababu ardhi ya umeme na ardhi ya sauti zinakutana mara mbili. Kilishe kwa adapta nyingine ya ukutani. Ikiendelea, weka kitenganishi cha ardhi kwenye waya wa 3.5, ni kijidude chenye transfoma mbili ndogo ndani, na mafundi wa redio za magari wanakifahamu.

Sabufa ina Bluetooth lakini TV haina. Nifanyeje?

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, kwa hiyo twende polepole.

Kwanza, hakikisha kifaa unachonunua kinarusha. Vingi vidogo vya bei ya chini vinapokea tu. Vinavyofanya yote mawili huwa na swichi yenye herufi TX na RX. Kwa kazi hii swichi ikae TX.

Pili, angalia nyuma ya TV kuna njia ipi ya kutolea sauti. Tundu la headphone la 3.5 linafaa. Tundu la optiko, lile lenye kilango kidogo na mwanga mwekundu ndani, linafaa zaidi. Lakini RCA nyekundu na nyeupe zilizo nyuma ya TV nyingi ni za kuingizia sauti, kwa ajili ya deki au king'amuzi. Ukichomeka kirushio hapo hutapata kitu, na kifaa hakijaharibika. Soma maandishi: IN ni kuingia, OUT ni kutoka.

Ukitumia 3.5, weka sauti ya TV kati ya asilimia 70 na 80 na uiache hapo. Ukitumia optiko, toa vifuniko vya plastiki angavu kwenye ncha zote mbili za waya. Havionekani vizuri na watu huvisukuma ndani ya tundu pamoja na waya. Kisha ingia kwenye mipangilio ya sauti ya TV na ubadilishe sauti ya kidijitali kutoka Auto, Bitstream au Dolby kwenda PCM, yaani sauti isiyobanwa. Virushio hivi havijui kufungua Dolby. Ukiacha Auto, taarifa ya habari inasikika vizuri, halafu filamu ikianza panakuwa kimya au panatoka mkwaruzo kama wa redio iliyopoteza stesheni. Jambo la mwisho: kwenye TV nyingi, optiko hutoa sauti ya kiwango kimoja tu, kwa hiyo rimoti ya TV haitapunguza wala kuongeza. Utatumia ya sabufa.

Kirushio kikilishwa na USB ya TV, kitazimika TV ikizimwa na kitahitaji sekunde kadhaa kutafuta sabufa kila ukiwasha. Hiyo si kasoro. Usipotaka usumbufu huo, kipe adapta yake.

Kwa nini midomo na sauti haviendani?

Kwa sababu Bluetooth lazima ibane sauti, iirushe, iikusanye kidogo upande wa pili ili isikatike, kisha iifungue. Kwa kodeki (njia ya kubana na kufungua sauti) ya SBC, ambayo kila kifaa kinayo, safari hiyo huchukua kati ya milisekunde 150 na 250. Picha ya fremu 25 kwa sekunde hubadilika kila milisekunde 40. Sauti ikichelewa 200, picha imeshatangulia fremu tano. Mapendekezo ya shirika la mawasiliano la ITU yanaonyesha kwamba watu huanza kugundua sauti iliyochelewa ikifika milisekunde 125 hivi, na iliyotangulia ikifika 45. Kwa hiyo SBC iko nje ya mstari, na mpira ndio unaoiumbua zaidi: mguu unagusa mpira, mlio unafuata baadaye.

Tiba zipo nne, na hazina uzito sawa.

Ya kwanza ni waya. Imemaliza.

Ya pili ni kirushio na kipokezi vyenye kodeki ya aptX Low Latency (aptX LL), ambayo hushusha ucheleweshaji hadi milisekunde 40 hivi. Sharti ni pande zote mbili ziwe nayo. Kirushio chenye aptX LL kikikutana na sabufa yenye SBC peke yake, vitazungumza SBC na fedha yako imekwenda bure. Na aptX ya kawaida au aptX HD si kitu hicho hicho. Tafuta maneno Low Latency.

Ya tatu ni kuchelewesha picha. Baadhi ya TV zenye Bluetooth yao zina mpangilio wa kulinganisha sauti na picha. Fungua chaneli ambayo mtangazaji anatazama kamera moja kwa moja, sogeza namba kidogo kidogo, na umtazame anapotamka maneno yenye p na b, kwa sababu midomo hufunga kabisa. Kwenye programu ya VLC ya kompyuta, bonyeza J ili sauti itangulie kwa milisekunde 50, na K irudi nyuma. Ukibonyeza J mara nne kwa sabufa ya SBC huwa umekaribia sana.

Ya nne ni kutazama kwa simu au kishikwambi. YouTube, Netflix na wenzao hujua kwamba sauti imekwenda Bluetooth na huisubirisha picha. Ndiyo maana watu husema "kwenye simu inakaa sawa, kwenye TV haikai". King'amuzi hakina habari kwamba kuna Bluetooth mbele yake, basi hakisubiri mtu.

Usichanganye tatizo hili na jirani anayeshangilia goli kabla yako. Hapo sauti na picha zako vyote vimechelewa pamoja kwa sababu unatazama kwa intaneti na yeye ana antena au dishi. Hakuna spika itakayokuponya.

Sabufa yangu ni ya 5.1. Nikiunganisha kwa Bluetooth napata 5.1?

Hupati. Njia ya muziki ya Bluetooth ni stereo. Sabufa inazichukua chaneli mbili na kuzigawa kwenye spika tano, kwa hiyo spika ya nyuma inaimba kitu kile kile cha mbele. Kwa sherehe inatosha. Kwa filamu, helikopta haitapita juu ya kichwa chako.

Kati ya TV na saundiba nitumie HDMI au optiko?

HDMI, mradi TV na saundiba zote ziwe na tundu lililoandikwa ARC au eARC. ARC, yaani uwezo wa HDMI kutoa sauti kutoka TV kwenda saundiba, ilikuja na HDMI 1.4 mwaka 2009, na eARC ikaja na HDMI 2.1 mwaka 2017. Kwenye TV yenye matundu matatu ya HDMI, kwa kawaida ni moja tu lenye maandishi hayo. Ukichomeka kwenye jingine, saundiba itawaka na kukaa kimya. Halafu washa kwenye mipangilio ya TV ule uwezo wa vifaa kudhibitiana kwa HDMI. Kitaalamu huitwa CEC, lakini kila kampuni imeupa jina lake la biashara. Usipowashwa, ARC nyingi hazifanyi kazi.

Optiko hubeba stereo safi au 5.1 iliyobanwa ya Dolby Digital na DTS, basi. ARC inaongeza Dolby Digital Plus, ambayo ndiyo inayobeba Atmos (sauti inayozunguka hadi juu ya kichwa) ya huduma za filamu za mtandaoni. eARC inapitisha hata sauti isiyopunguzwa ya diski za Blu-ray. Kama hutumii diski hizo, usilipe zaidi kwa ajili ya eARC peke yake.

Nataka spika za nyuma zisiwe na waya. Inawezekana kwa mfumo wowote?

Karibu wowote, lakini soma yote kabla ya kununua.

Kama ni saundiba, tafuta spika za nyuma zilizotajwa kwa jina la modeli yako hasa. Hakuna njia ya mkato.

Kama ni amplifaya yenye spika za kawaida, utahitaji seti ya kirushio na kipokezi. Kirushio kinakaa karibu na amplifaya, kipokezi kinakaa nyuma ya kochi, na kipokezi hicho lazima kiwe na amplifaya ndogo ndani yake, kwa kuwa spika za kawaida hazina nguvu zao. Angalia kirushio kinaingiza nini. Vingine vinataka RCA za kutolea sauti, ambazo amplifaya za bei ya chini hazina. Vingine hukubali nyaya za spika moja kwa moja. Hivyo ndivyo vinavyofaa kwa sabufa za 5.1 zenye vibanio vya kubonyeza nyekundu na nyeusi.

Onyo kwa wenye sabufa za namna hiyo: usiunganishe waya mweusi wa spika ya kulia na mweusi wa kushoto pamoja ili kuokoa waya. Chipu nyingi za amplifaya za siku hizi husukuma umeme kwenye waya zote mbili za spika, ule mweusi si ardhi. Ukizikutanisha, au ukiugusisha mweusi kwenye bati la boksi, chipu inaungua, na inaungua kimyakimya.

Spika za nyuma zikae pembeni na nyuma kidogo ya msikilizaji, nyuzi 110 hadi 120 ukihesabu kutoka katikati ya TV, juu kidogo ya masikio. Watu wengi huzibandika kwenye kona za dari kwa sababu ndiko misumari iliko. Matokeo yake mazungumzo ya msituni yanatoka mbinguni.

Sasa ucheleweshaji. Sauti hewani huenda mita 343 kwa sekunde, yaani milisekunde moja ni sentimita 34 hivi. Amplifaya huomba umbali wa kila spika ili zote zifike sikioni pamoja. Kirushio chako kikichelewesha milisekunde 20 (namba hii huwa kwenye karatasi ya kifaa), ni sawa na spika kusogezwa mita 6.9 nyuma. Kama spika iko mita 2 kutoka kwenye kochi, iandikie amplifaya mita 8.9, si 2. Amplifaya itazichelewesha za mbele kidogo zizisubiri za nyuma, na milisekunde 20 hazionekani midomoni. Ukiacha mita 2, utasikia mwangwi mfupi kila mlango unapofungwa kwenye filamu.

Na kusema kweli, kama ni nyumba yako mwenyewe na unaweza kupitisha trankingi juu ya ubao wa chini wa ukuta, mita 20 za waya wa spika wa milimita 1.5 za mraba zinagharimu kidogo kuliko seti yoyote ya kurushia na hazitakusumbua kamwe. Bila waya ni kwa mpangaji, au kwa sebule yenye mlango katikati.

Sabufa iliyokuja na saundiba inawakawaka taa na haitoi besi.

Taa inayowaka na kuzima haraka maana yake haijampata mwenzake. Mara nyingi hutokea baada ya umeme kukatika. Chomoa saundiba na sabufa ukutani kwa dakika moja, rudisha saundiba kwanza, kisha sabufa. Isipoungana, tafuta kitufe kidogo nyuma ya sabufa kilichoandikwa PAIR, LINK au ID SET, kibonyeze na ukishikilie mpaka taa ibadilishe mwendo, halafu fanya vivyo hivyo kwenye saundiba kama kijitabu chake kinavyoelekeza. Taa ikitulia bila kuwakawaka, wameelewana. Isogeze iwe angalau mita moja kutoka kwenye ruta.

Naunganishaje muziki kwa Wi-Fi?

Weka simu kwenye Wi-Fi ile ile itakayotumiwa na spika. Washa Bluetooth na huduma ya mahali (Location) kwenye simu, kwa sababu programu nyingi huitafuta spika mpya kwa Bluetooth ndipo ziipe nenosiri la Wi-Fi. Fungua programu ya kampuni ya spika, au Google Home kwa vifaa vya Google Cast, ongeza kifaa kipya na ufuate hatua. Kwa iPhone na kifaa chenye AirPlay, ukishakiingiza kwenye mtandao, alama ya AirPlay itakionyesha kwenye kila programu ya muziki.

Tofauti moja inafaa kujua. Ukitumia Google Cast au Spotify Connect, spika yenyewe huvuta wimbo kutoka intaneti na simu inabaki kuwa rimoti: unaweza kupokea simu au kutoka kwenda dukani, muziki hausimami. Ukitumia Bluetooth, kila kitu kinapita kwenye simu, na ujumbe wa WhatsApp utalia sebuleni kwa sauti ya sabufa.

Simu haioni spika, lakini zote ziko kwenye Wi-Fi.

Hili ndilo swali linalorudi kuliko yote. Angalia kwa mpangilio huu.

Simu inatumia data ya mtandao wa simu badala ya Wi-Fi? Android nyingi huiacha Wi-Fi zenyewe zikiona haina intaneti.

VPN imewashwa? Izime. Simu iliyo ndani ya VPN mara nyingi haioni vifaa vya nyumbani.

Spika iko kwenye mtandao wa wageni? Mtandao wa wageni umetengenezwa ili vifaa visionane. Hamishia vyote kwenye mtandao mkuu. Ruta nyingine zina mpangilio wa kutenganisha vifaa hata kwenye mtandao mkuu, na baadhi hutoka kwa watoa huduma ukiwa umeshawashwa. Ingia kwenye ukurasa wa ruta, sehemu ya Wi-Fi ya mipangilio ya ziada, uuzime.

Una ruta mbili, ya fiba na nyingine uliyoongeza ili mtandao ufike chumbani? Ruta ya pili ikiwa inagawa anwani zake yenyewe, hapo kuna mitandao miwili hata kama umeipa jina moja. Iweke kwenye hali ya kupitisha tu, au zima ugawaji wa anwani na uhamishe waya kutoka tundu la WAN kwenda tundu la LAN.

Kwenye iPhone, ingia kwenye mipangilio ya faragha uhakikishe programu imeruhusiwa kuona mtandao wa nyumbani. Watu hubonyeza "kataa" siku ya kwanza bila kusoma.

Kama bado, zima ruta, hesabu sekunde 30, washa, subiri dakika mbili, ndipo uwashe spika.

Sauti inakatika-katika. Tatizo ni spika?

Mara chache. Bluetooth, Wi-Fi ya GHz 2.4, maikrowevu na baadhi ya simu za mezani zisizo na waya vyote vinagombania eneo moja la masafa. Ndani ya jengo la ghorofa lenye ruta za majirani kumi, jioni saa mbili ndipo pabaya zaidi.

Hamishia TV, kompyuta na spika zinazokubali kwenye GHz 5, uiachie GHz 2.4 vifaa visivyo na budi. Kwenye GHz 2.4, chagua chaneli 1, 6 au 11 tu, kwa sababu hizo tatu haziingiliani. Aliyejichagulia 3 anasumbuliwa na wa 1 na wa 6 kwa pamoja. Upana wa chaneli uwe MHz 20. Lakini kumbuka GHz 5 haipendi kuta: ukuta wa tofali inavuka kwa shida, wa zege lenye nondo unaikata, na kioo kikubwa cha ukutani au mlango wa chuma huirudisha ilikotoka. Ruta iliyofichwa ndani ya kabati la TV, nyuma ya TV yenyewe, imezibwa na bati zima la mgongo wa TV. Itoe, iweke juu.

Kuna kingine wachache hukishuku. Diski ya nje au flashi ya USB 3.0 ikifanya kazi hutoa vurugu ya redio katika GHz 2.4 hiyo hiyo. Ikichomekwa jirani na kirushio cha Bluetooth nyuma ya TV, sauti hukatika kila filamu inaposomwa kutoka kwenye diski, na ukicheza kutoka king'amuzi inakuwa nzuri. Sogeza kirushio kwa waya wa kurefusha wa mita moja, au chomeka diski kwenye tundu la USB 2.0 kama TV inalo.

Inakula bando kiasi gani?

Muziki wa kbps 96 hutumia MB 43 kwa saa. Kbps 160 ni MB 72, na kbps 320 ni MB 144. Muziki usiopunguzwa wa ubora wa CD hufika MB 400 hivi kwa saa. Kwa kulinganisha, Netflix ya HD inaweza kula hadi GB 3 kwa saa na ya 4K hadi GB 7, kwa hiyo mla bando ni picha.

Safari ya sauti kutoka simu hadi spika ndani ya nyumba, iwe kwa Bluetooth au Wi-Fi, haili bando hata kidogo. Nyimbo zilizo kwenye simu zinacheza bure.

Naweza kutumia bila intaneti kabisa?

Ndiyo. Ruta iliyowashwa bila intaneti bado inaunganisha vifaa vya nyumbani. Kwa faili zako mwenyewe tumia DLNA: kompyuta, au ruta yenye tundu la USB, inakuwa ghala, na programu kama BubbleUPnP kwenye Android inapeleka wimbo kwenye TV au spika. AirPlay nayo hukubali. Kuweka spika mpya kwa mara ya kwanza ndiko kunakohitaji intaneti mara nyingi, kwa hiyo lifanye hilo ukiwa na bando.

Hotspot ya simu inatosha?

Kwa jioni moja, ndiyo. Kwa kila siku, hapana: mwenye simu akitoka, mtandao umetoka naye, na spika inabaki ikitafuta jina lisilokuwepo. Ukilazimika, iweke hotspot kwenye GHz 2.4, kwa maana spika nyingi za bei nafuu hazina GHz 5 na hazitaiona.

Jirani anaunganisha simu yake kwenye sabufa yangu.

Sabufa nyingi za bei ya chini haziulizi namba ya siri. Yeyote anayeiona anaingia, mradi hakuna aliyetangulia. Ukimaliza kusikiliza, ihamishe kwenye AUX au USB badala ya kuiacha kwenye Bluetooth. Kipokezi cha nje kikiwa na adapta yake, kizime ukutani. Jina la sabufa hizo mara nyingi halibadiliki, kwa hiyo katika jengo lenye sabufa nne za aina moja, huenda jirani anadhani ni ya kwake.

LDAC, aptX, AAC: nichague ipi?

Hizi ni kodeki za Bluetooth, kama SBC. iPhone hutumia AAC, na isipowezekana SBC, kwa hiyo mwenye iPhone asilipie LDAC. Android kuanzia toleo la 8.0 ina LDAC, inayofika kbps 990, lakini kwa kasi hiyo hukatika upesi ukisogea mbali. Kwa sabufa ya plastiki ya sebuleni hutasikia tofauti. Pesa hiyo ongeza kwenye spika.

Nataka sebule na jikoni vicheze wimbo mmoja kwa pamoja.

Tumia Wi-Fi: unda kundi la spika kwenye Google Home, au chagua spika zaidi ya moja kwenye AirPlay 2, na mfumo utazilinganisha wenyewe. Kwa Bluetooth inawezekana tu kwa spika za kampuni moja zenye uwezo wa kuungana. Usiweke Wi-Fi chumba kimoja na Bluetooth kingine. Ukisimama mlangoni utasikia wimbo mara mbili.

Ndugu amenitumia saundiba kutoka Marekani. Niichomeke tu?

Soma kwanza kibandiko cha nyuma au cha adapta. Kikiandikwa 100–240V, badilisha plagi tu. Kikiandikwa 120V peke yake, usiichomeke: Tanzania umeme ni volti 230 na Kenya 240, itaungua papo hapo. Itahitaji transfoma ya kushusha yenye wati mara moja na nusu ya zile zilizoandikwa kwenye saundiba. Sabufa yake isiyo na waya ina kibandiko chake. Nacho usome, kwa kuwa viwili hivyo havilazimiki kufanana.

Umeme ukikatika na kurudi, kila kitu kinapotea. Kuna dawa?

Vifaa vyote huwaka kwa pamoja, na spika inamaliza kuwaka kabla ruta haijawa tayari. Inatafuta Wi-Fi, haioni, inakata tamaa. Weka UPS (betri ya akiba) ndogo ya ruta, lakini angalia volti za adapta yake kwanza, kwa kuwa nyingi ni 12 na nyingine ni 9, na usisahau kifaa cha fiba kilicho pembeni yake. Amplifaya, saundiba na TV zipitie kilinda umeme kinachosubiri dakika chache kabla ya kuachia. Muda huo unavilinda dhidi ya umeme unaorudi kwa kishindo, na ruta inakuwa imeshawaka spika zinapoanza kuitafuta.